Sanzinia, boa wa mitini kutoka Madagaska: kumfuga bila kumpika

Ukimkuta sanzinia amelala sakafuni siku nenda siku rudi, pua ameikandamiza kwenye kona yenye baridi huku matawi yote juu yake yakiwa matupu, mwenyewe atakwambia nyoka wake ni mvivu. Uvivu haumo. Nyoka anakimbia joto, na hapo chini ndipo pekee alipopata nafuu.

Kosa hili hujirudia sana kwa nyoka huyu, na chanzo chake kinaeleweka. Mtu akisikia "Madagaska", akasikia na "boa wa mitini", kichwani inamjia picha ya msitu unaofuka mvuke, basi anawasha taa na kushika chupa ya kunyunyizia maji. Mengi ya maelekezo anayoyapata yaliandikwa kwa ajili ya boa wa mitini wa Amazoni, wale wa jenasi Corallus, ambao kwao joto halibadiliki sana mwaka mzima. Sanzinia hakutoka huko.

Jina lake kamili la kisayansi ni Sanzinia madagascariensis. Katika vitabu vya miaka ya 1990 utamkuta akiitwa Boa manditra, kwa sababu mwaka 1991 Arnold Kluge alimhamishia kwenye jenasi Boa, na baadaye jina la zamani likarudishwa. Unapotafuta kumbukumbu za wafugaji wa zamani, tafuta kwa majina yote mawili.

Sisi tuna mazoea ya kumwita chatu kila nyoka mnene anayeua kwa kunyonga. Chatu hutaga mayai. Sanzinia huzaa watoto hai. Na Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, hakina chatu wa asili hata mmoja. Nafasi yao imeshikwa na boa: sanzinia, pamoja na boa wa ardhini wa jenasi Acrantophis. Ukitaka kuhakikisha, mtazame mdomo. Vishimo vya kuhisi joto vya chatu vimo ndani ya magamba yenyewe ya mdomo, ilhali vya sanzinia viko kati ya gamba na gamba, tena vina kina kiasi kwamba mdomo unaonekana kama umepigwa msumeno.

Wapo wa aina mbili. Wa mashariki mwa kisiwa ni wa kijani, kuanzia kijani cha majani mabichi hadi kijani kilichofifia kuwa kijivu, wenye mabaka ya pembe mgongoni yaliyopigwa ukingo mweupe. Wa magharibi ni wa kahawia, manjano iliyokolea au rangi inayoelekea chungwa, na wauzaji wengine humwita "Mandarin". Huyu wa pili alielezwa na Vences na Glaw kama nususpishi, na leo wengi humhesabu kuwa spishi yake, Sanzinia volontany. Usiwachanganye. Wanazaliana, na watoto wao huuzwa kwa jina lolote litakalomvutia mnunuzi. Mwisho wake ni nyoka ambaye hakuna mfugaji makini atakayemtaka kwa uzazi.

Watoto wa mashariki huzaliwa wekundu, rangi ya tofali. Ni wazuri kweli, na ndiyo maana picha zao huuza haraka. Wekundu huo haudumu. Katika mwaka wa kwanza na wa pili hugeuka polepole kuwa kijani, wakipitia kipindi kirefu cha rangi isiyoeleweka. Muuzaji anayeahidi "mwekundu wa kudumu" ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Karatasi kwanza

Sanzinia yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, daraja lile lile la ulinzi mkali ambamo biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini haikubaliki. Wanaouzwa kihalali ni waliozaliwa kizimbani, na uthibitisho wa kuzaliwa huko lazima uwepo kwa maandishi. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya za biashara ya wanyamapori yumo Kiambatisho A: kumuuza kunahitaji cheti, na cheti hicho humtambulisha nyoka mmoja mahususi, kwa kawaida kwa chipu iliyowekwa chini ya ngozi. Omba chipu isomwe mbele yako, namba ilinganishwe na ya kwenye karatasi. Nchi nyingine zina taratibu zao juu ya hizo, nyingine hazikubali kabisa. Mwenye mamlaka ya wanyamapori aulizwe kabla ya muuzaji, kwa maana muuzaji ana sababu ya kukwambia "hakuna shida".

Mwulize pia muuzaji tarehe ya kuzaliwa, asili ya wazazi wote wawili (mashariki au magharibi), mara ya mwisho nyoka alipokula na alikula nini, na uzito wake kwa gramu. Anayefuga vizuri anayo daftari. Asiye na daftari, mwache na nyoka wake.

Kizimba: juu kusiwe sawa na kwenye moto

Mkubwa hufika mita 1.2 hadi 1.8, jike akiwa mkubwa kuliko dume, na majike wachache hupita mita 2. Wana miili mizito kuliko Corallus wa urefu huo huo. Huishi zaidi ya miaka 20 wakitunzwa, kwa hiyo kizimba ni samani ya kudumu. Kijengwe vizuri mara moja.

Kwa mkubwa anza na urefu wa sentimita 120, kina cha 60 na kimo cha 90. Kimo cha 120 ni bora zaidi, lakini usikipate kwa kupunguza urefu wa ubavu. Wengi hujenga kizimba chembamba kirefu kama kabati la nguo, kwa kuwa "nyoka wa mitini anapanda". Sanzinia hupanda, ndiyo, ila pia hushuka usiku kuvizia panya chini au kwenye shina la chini, na majira ya baridi hujificha kwenye mashimo ya miti na ya ardhini. Anahitaji sakafu.

Zaidi ya hapo, kizimba chembamba kirefu kina hila yake. Joto hupanda. Ukiweka chanzo cha joto darini, unapata tanuri juu na ubaridi chini, wala hakuna mahali ambapo nyoka anaweza kuwa juu na kupata ubaridi kwa pamoja. Usalama wake uko juu, nafuu yake iko chini, naye analazimika kuchagua kimoja. Yule wa aya ya kwanza, mwenye pua kwenye kona, alishachagua.

Dawa yake ni kulazimisha joto lishuke kwa upande, si kwa kimo tu. Chanzo cha joto kikae ncha moja kabisa ya dari, kisivuke theluthi moja ya urefu wa kizimba. Ncha ya pili iwe na matundu ya hewa karibu na dari ili hewa moto itoke, na upande wa joto uwe na matundu karibu na sakafu ili hewa mpya iingie. Kisha weka tawi zuri na maficho juu upande wa baridi. Hapo ndipo utakapomwona mchana. Kama haendi huko, pima tena.

Vipimo vyenyewe kwa nyuzi za Selsiasi: juu ya tawi la joto 29 hadi 31, upande wa baridi 23 hadi 25, usiku kizimba kizima 20 hadi 22. Mkubwa mwenye afya havurugwi na usiku wa nyuzi 18. Kinachomwumiza ni saa nyingi juu ya 32 bila pa kukimbilia. Kumbuka anakotoka: misitu ya mashariki hupanda vilima, wengine huishi juu ya mita 1000, na usiku wa Julai katika maeneo kama Andasibe huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Magharibi kuna joto zaidi, ila kuna kiangazi kirefu, takriban Mei hadi Oktoba, chenye mchana mkali na usiku wa baridi. Kote wanakoishi kuna usiku wa kupoa, na kizimba chenye nyuzi 29 saa 24 ni kitu ambacho miili yao haikijui.

Paneli ya joto ya kubandika darini ndiyo chaguo langu: wati 80 kwa kizimba cha ukubwa uliotajwa, wati 40 kama chumba tayari kina nyuzi 24. Haina mwanga, haimuunguzi anayeipitia karibu, na hutandaza joto juu ya mgongo wa nyoka aliye tawini. Balbu ya kauri hufanya kazi, lakini hukausha hewa na uso wake huunguza vibaya. Ukiitumia, ifungie ndani ya wavu wa chuma wenye matundu ambayo nyoka hawezi kupitisha kichwa. Zulia la joto la sakafuni halina maana kwa mnyama ambaye mchana yuko juu ya tawi.

Chochote utakachoweka kiongozwe na themostati, yaani kidhibiti joto, na iwe ile inayopunguza umeme kidogo kidogo badala ya kuwasha na kuzima. Kihisi chake kifungwe kwa kamba ya plastiki ubavuni mwa tawi la joto, na waya ubanwe ukutani kila sentimita 15. Usipoubana nyoka atauvuta, kihisi kitaangukia sakafuni kwenye nyuzi 24, themostati itaamini kizimba kimepoa, nayo paneli itawaka usiku kucha. Asubuhi utakuta nyoka amekufa na themostati inaonyesha namba nzuri tu. Weka kipimajoto cha pili kisichohusiana nayo, na mara moja kwa wiki pitisha kipimajoto cha miali juu ya matawi yote.

Kama chumba chenyewe kinafika nyuzi 30 mchana, huhitaji paneli, unahitaji ubaridi. Kishushe kizimba kiwe karibu na sakafu ya chumba, kiondoe kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, washa feni ya chumba bila kuielekeza moja kwa moja kwenye kizimba, na saa za joto kali weka chupa za maji yaliyoganda juu ya wavu wa upande wa baridi. Chumba kisichoshuka chini ya nyuzi 28 hata usiku hakimfai nyoka huyu. Bora kuchagua mnyama mwingine.

Matawi

Unene wa tawi ulingane na sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka, au uzidi kidogo. Tawi jembamba mno humfanya abane misuli usingizini, na baada ya miezi utaona mikunjo ya uti wa mgongo haikai sawa. Kwa mtoto ni fito za milimita 8 hadi 12. Kwa jike mkubwa ni sentimita 4 hadi 6. Kanuni ni kwamba tawi lilale usawa, kwa sababu anajikunja akining'iniza pande mbili. Mawili yawe upande wa joto na mawili upande wa baridi, kwa vimo tofauti, na moja liwe na panda. La juu kabisa upande wa joto likae angalau sentimita 25 chini ya paneli.

Yafunge kwa skrubu kutoka nje ya ukuta wa kizimba, au yakae kwenye vishikio vyenye umbo la nusu duara ili uweze kuyatoa ukitaka kuyaosha. Nyoka wa kilo 2 akijirusha juu ya panya, tawi lililoegeshwa tu litaanguka naye.

Ongeza rafu pana ya sentimita 25 hivi. Sanzinia hulala juu ya rafu kwa furaha, jambo ambalo hutaliona sana kwa boa wa mitini wa zumaridi, yule Corallus wa kijani wa Amazoni. Maficho ya juu yawe sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 25 kwa 18, mlango wa duara wa sentimita 8 ubavuni, likifungwa karibu na dari upande wa baridi. Maficho mengine yawekwe sakafuni, upande huo huo, yakiwa na kuvumwani yenye unyevu, ile mimea midogo laini inayoota juu ya miamba. Mimea hai ni mapambo. Itamsaidia kujificha kama ina majani mapana, naye ataivunja.

Sakafu ya vipande vya makumbi ya nazi, kina cha sentimita 5 hadi 7, hushika unyevu bila kuoza haraka. Epuka maranda ya mierezi na misonobari yenye harufu kali. Milango ya kioo ya kuteleza iwe na kufuli: pengo la sentimita 1 linamtosha mtoto.

Maji na unyevu

Kosa la pili kwa ukubwa. Unyevu wa asilimia 50 hadi 70 unamfaa wa mashariki, 40 hadi 60 unamfaa wa magharibi, na la muhimu kuliko namba ni kwamba unyevu huo uwe unapanda na kushuka. Nyunyiza jioni, taa zinapozimika, mpaka matone yakae juu ya mikunjo ya nyoka, kwani wengi hunywa kutoka kwenye miili yao wenyewe. Kufikia asubuhi matawi yawe makavu, kufikia adhuhuri uso wa sakafu uwe mkavu. Kizimba kinachotiririka maji mchana kutwa huleta malengelenge na magamba ya tumbo yanayobadilika rangi kuwa kahawia na kuoza, pamoja na maambukizi ya njia ya hewa. Watu huona kioo kina ukungu wa mvuke wakafurahi. Ukungu huo una maana kwamba hewa haitembei.

Bakuli la maji liwe zito, pana kiasi cha nyoka kujikunja ndani, na libadilishwe kila siku mbili au mara tu anapochafua. Anapokaribia kujivua gamba, macho yakiwa ya buluu iliyofifia, ongeza unyevu kwa siku kadhaa na usimshike. Gamba likikatika vipande vipande, mweke saa moja ndani ya mfuko wa kitambaa uliolowa maji ya vuguvugu, ndani ya boksi lenye hewa, atajisugua mwenyewe. Kifuniko cha jicho kilichobaki haking'olewi kwa kucha wala koleo. Subiri gamba linalofuata ukiwa umeongeza unyevu. Kikibaki tena, daktari.

Kulisha: njaa ni sehemu ya matunzo

Huyu ni mviziaji. Anakaa usiku kucha mahali pamoja akingoja, anatumia nguvu kidogo mno, na kila kinachozidi hugeuka mafuta. Sanzinia mnene kupita kiasi hana mwonekano wa kutisha, ndiyo sababu kosa hili hudumu miaka mingi, hadi ini linapochoka. Wazia mwili umekatwa kwa upana: mgongo uwe kama paa lenye mteremko laini. Ukiwa wa duara kama bomba, na ukaona ngozi kati ya magamba hata hajala, punguza. Mkia unaoonekana kuvimba ghafla baada ya tundu la haja ni dalili ile ile.

Mtoto: panya mchanga aliyeota manyoya, uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka, kila siku 10 hadi 14. Kuanzia mwaka wa pili, kila wiki 2 hadi 3. Dume mkubwa wa kilo 1 hutosheka na panya wa gramu 70 hadi 100 kila wiki 4. Jike wa kilo 2 na wa gramu 120 hadi 150 kwa muda huo huo. Kuruka mlo mmoja hakuna hasara. Madume wengi hugoma kula miezi 2 hadi 4 majira ya baridi, wakapungua gramu chache tu. Kuwatia chakula mdomoni kwa nguvu kwa sababu hiyo ni kuwaumiza bure. Mizani ya kidijitali ya jikoni na daftari ndivyo vitakavyokwambia kama mgomo ni wa kawaida: akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, tafuta sababu.

Panya awe amekufa tayari. Panya hai hung'ata macho na midomo, na nyoka asiye na hamu hajitetei. Yeyusha aliyegandishwa usiku kucha ndani ya friji, kisha mtie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya maji ya nyuzi 45 mpaka mwili ufike 38 hivi. Maikrowevu itapika tumbo na kuacha katikati barafu. Kabla ya kumpa, chovya kichwa cha panya kwenye maji moto sekunde chache, kwa sababu vile vishimo vya mdomoni hulenga sehemu yenye joto kuliko nyingine, nawe unataka alenge kichwa. Mpe saa moja baada ya taa kuzimwa, kwa koleo lenye urefu wa sentimita 35 au zaidi. Vidole vyako vina joto kuliko panya wako.

Akitapika, tafuta kati ya haya: panya mkubwa mno, kushikwa kabla ya siku 4 kupita, baridi ya ghafla usiku uliofuata mlo, au kiu. Usimlishe tena haraka. Maji kwa wingi, wiki 3 za kupumzika, kisha panya wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari akiwa na kile alichokitapika kwenye mfuko.

Kinyesi hutoka kwa nadra, wakati mwingine baada ya milo 2 au 3. Dume au jike aliyekaa miezi mitatu bila kutoa kitu, na nyuma ya mwili pakiwa pamejaa, huhitaji mwendo: mvua ya kunyunyizia ya usiku, au dakika 20 kwenye maji ya nyuzi 28 yanayomfika ubavuni.

Kumshika

Ana tabia tulivu kuliko Corallus wengi, ila ana meno marefu yaliyokusudiwa kushika mnyama gizani, na watoto hung'ata bila kuuliza. Usiku yuko kwenye mawindo, mshike mchana. Mguse kwanza kwa fimbo ya ndoano katikati ya mwili ili ajue kwamba si chakula. Kisha anza na mkia, siyo kichwa: fungua mkunjo wa mwisho kutoka kwenye tawi, halafu unaofuata, ukimwacha atembee kuja mkononi. Kumvuta akiwa amejikaza ndiko kunakovunja mbavu. Akigoma kabisa, toa tawi pamoja naye.

Magonjwa ya kuogopa

Utitiri wa nyoka huonekana kama vumbi jeusi linalotembea, hasa kwenye bakuli la maji na pembeni mwa macho. Ukiuona, ondoa sakafu, mbao na matawi yote, tandika karatasi nyeupe, fuata tiba ya daktari na uirudie kwa wiki zisizopungua 3, kwa sababu mayai yaliyo kwenye nyufa hayauawi na tiba ya kwanza. Dawa ya mende ya dukani inaweza kuua utitiri na nyoka kwa pamoja.

Kubwa zaidi ni IBD (kwa Kiingereza inclusion body disease), ugonjwa unaohusishwa na virusi vya kundi la reptarena, ambao boa huweza kuubeba muda mrefu bila dalili yoyote. Dalili zikija ni kutapika, kukonda, kushindwa kujigeuza anapolazwa chali, na kichwa kinachoangalia juu bila sababu. Tiba haipo. Ndiyo maana mgeni hukaa karantini angalau siku 90, chumba kingine, vyombo vyake peke yake, akihudumiwa wa mwisho, na afanyiwe kipimo cha damu kabla ya kuingia penye boa wengine. Kama unafuga pia chatu, tahadhari iwe mara mbili, maana kwao ugonjwa huu huenda kasi zaidi.

Mdomo ulio wazi kidogo, mate yenye povu au sauti ya kukoroma ni maambukizi ya njia ya hewa. Rekebisha joto na hewa siku hiyo hiyo, lakini usingoje yaponye peke yake.

Uzazi, kwa ufupi

Jike asipandishwe kabla ya miaka 4 hadi 5. Wiki 4 kabla ya kipindi cha baridi acha kulisha ili tumbo liwe tupu, kwani chakula kisichomeng'enywa huoza ndani ya mwili uliopoa. Kisha kwa miezi 2 hadi 3 usiku ushushwe hadi nyuzi 16 hadi 18, mchana 23 hadi 25, tawi la joto likiwashwa saa chache tu. Dume aingizwe kwenye kizimba cha jike katika kipindi hicho, atolewe wiki moja, arudishwe.

Mimba ikishika, jike hubadilika rangi na kuwa mweusi-mweusi, jambo linalodhaniwa humsaidia kunyonya joto zaidi. Usimwite daktari kwa ajili ya weusi huo. Mrudishie tawi la nyuzi 31 na umwache alichague mwenyewe; bado ahitaji upande wa baridi. Hubeba mimba miezi 6 hadi 8, mara nyingi bila kula, na huzaa watoto wachache wakubwa, wenye urefu wa karibu sentimita 40.

Weka kila mtoto kwenye boksi lake la sentimita 40 kwa 30 kwa 30, karatasi chini, fito mbili, maficho na maji. Watajivua gamba la kwanza ndani ya wiki 1 hadi 2, na kabla ya hapo usiwape chakula. Anayekataa panya mara tatu mfululizo, msugue panya kwa manyoya ya kifaranga, au mwache naye usiku kucha ndani ya chombo kidogo chenye giza na matundu ya hewa. Mama naye aanzwe na panya wadogo, nusu ya kawaida, kila siku 10 mpaka uzito urudi, na apumzishwe angalau mwaka mzima kabla ya kuonyeshwa dume tena. Weusi wake utapungua kadiri anavyojivua gamba.